Nyasi Hazirudi Zenyewe

Kuna neno nimekuwa nikilikwepa kwa muda mrefu: jadidifu. Liliingia kwenye Kiswahili chetu kupitia mlango wa umeme, nishati jadidifu, yaani jua, upepo na maji ya mto, kisha likatambaa hadi kwenye misitu, samaki, wanyamapori na malisho. Wengine husema rasilimali zinazojirudia. Wengine, na nadhani hawa ndio wengi, husema zisizokwisha. Hilo la tatu ndilo linalonitisha. Mwanafunzi akishakariri kwamba dhahabu na mafuta vinakwisha, ila maji, miti na nyasi havikwishi, amebebeshwa uongo mmoja mkubwa kabla hajafika kidato cha pili.

Lakini hata jadidifu lenyewe lina ujanja wake. Jadidi ni upya, hilo tunalijua. Tazama sasa ule mwisho wa neno. Mharibifu ni mwenye tabia ya kuharibu, mpotevu ni mwenye tabia ya kupotea. Basi kitu jadidifu ni kitu chenye tabia ya kurudi upya, yaani kurudi ni hulka yake, kama ukali ulivyo hulka ya pilipili. Ukilikubali neno hivi hivi, umekubali pia kwamba kitu hicho kitarudi bila kujali nani anakitumia, kwa mpango gani, na nani amekaa pembeni akisubiri.

Mimi silikubali. Naona kurudi upya si tabia ya kitu, ni makubaliano ya watu juu ya kungoja. Na makubaliano yakishakuwapo, swali la maadili linafuata lenyewe: nani anayengoja? Nataka kulijadili hili nikiwa Loliondo, kaskazini mwa Wilaya ya Ngorongoro, maana sijui mahali pengine katika nchi yetu ambapo swali hili limetoka darasani na kwenda mbali namna hii.

Tuanze na nyasi. Nyasi haifi ikiliwa. Sehemu yake ya kukulia iko chini, karibu na udongo, ndiyo maana ng'ombe akikata juu, jani linachipua tena. Lakini ng'ombe huyo akirudi kesho, na keshokutwa, kabla mzizi haujajiwekea akiba, jani linachoka. Mzizi unafupika, udongo unabaki uchi, mvua ikija inauzoa. Kwa hiyo ziko nyasi zilizopumzishwa na ziko ambazo hazikupumzishwa. Tofauti haimo ndani ya nyasi, imo kwa watu.

Wamaasai hawakusubiri mtaalamu aje kuwaeleza hayo. Wana olopololi, kipande cha malisho kinachotengwa karibu na boma kwa ajili ya ndama na mifugo dhaifu. Wana alalili, akiba ya kiangazi, ambayo haiguswi wakati wa mvua hata kama inang'aa kijani mbele ya macho yako. Pale Wasso nilimuuliza mzee mmoja, baada ya shikamoo na habari za watoto na mifugo (huwezi kuanza na swali, utaonekana hukulelewa), alalili hufunguliwa lini.

"Wazee wakisema."

Nikamuuliza, na yule asiyengoja, mzee?

Akanitazama kidogo. "Anajulikana, kijana wangu. Ng'ombe wana alama."

Jibu hilo fupi lina uzito kuliko makala moja maarufu sana. Mwaka 1968 Garrett Hardin, mwanabiolojia wa Marekani, aliandika juu ya janga la mali ya wote, na mfano wake ulikuwa malisho. Kila mchungaji akiongeza ng'ombe mmoja, faida ni yake peke yake, hasara inagawanywa kwa wote. Kwa hiyo kila mmoja ataongeza, na malisho yatakufa. Mantiki haina kasoro. Kasoro iko kwenye malisho aliyoyawaza: yako wazi kwa yeyote, hayana wazee, ng'ombe hawana alama, hakuna wa kuuliza "huyu ni wa nani?" Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2009, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuonyesha, kwa mifano ya mifereji, misitu, uvuvi na malisho ya milimani, kwamba mali ya pamoja si lazima iwe mali isiyo na mwenyewe. Ostrom alipata tuzo, lakini maofisini alishinda Hardin. Sikiliza hotuba yoyote kuhusu wafugaji utamsikia, hata kama msemaji hajawahi kulisikia jina lake.

Sasa nyumbu, maana hapa ndipo hesabu ya nani anangoja na nani anarudishiwa inaponikera zaidi.

Mwishoni mwa karne ya 19 sotoka iliingia Afrika Mashariki. Iliua ng'ombe kwa wingi usioelezeka, wafugaji wakafa njaa, na nyati na nyumbu nao wakafa. Ugonjwa haukuondoka, kwa zaidi ya miaka 60 uliendelea kuwabana wanyama wa Serengeti. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walipowahesabu nyumbu kutoka angani mwishoni mwa miaka ya 1950 walipata karibu 100,000. Hesabu ya 1961, iliyofanywa kwa uangalifu zaidi, ilipata kama 260,000. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wamevuka milioni moja, na tangu hapo wamezunguka kwenye milioni 1.3 hivi. Hao ndio wanaotupatia zile picha za kuvuka Mto Mara ambazo kila kampuni ya utalii inazo ukutani.

Nini kilitokea? Askari wa wanyamapori walikuwa na kazi yao, sikatai. Lakini kilichowarudisha nyumbu ni chanjo, na hawakuchanjwa nyumbu. Walichanjwa ng'ombe. Ng'ombe wa wafugaji waliouzunguka uwanda ule walichomwa sindano dhidi ya sotoka, ugonjwa ukakosa mahali pa kujificha, ndama wa nyumbu wakaacha kufa. Mfano huu unaotajwa duniani kote wa maumbile kujirudisha ulipitia kwenye zizi la mfugaji.

Na mfugaji alirudishiwa nini? Mwaka 1959, ambao pia ndio mwaka kilipotoka kitabu cha akina Grzimek kuhusu Serengeti isiyopaswa kufa, Wamaasai walikuwa wanaondolewa ndani ya Serengeti. Wengi walielekezwa Ngorongoro, ambako waliahidiwa kuishi pamoja na wanyama, wengine wakabaki au wakasogea upande wa Loliondo. Kisha nyumbu walipoongezeka likaja jambo ambalo halikuandikwa kwenye mkataba wowote. Nyumbu huzaa katika miezi ya mwanzo wa mwaka, wengi wao ndani ya wiki chache tu, na ndama wao wachanga hubeba kirusi ambacho hakiwasumbui wao ila humuua ng'ombe. Kwa hiyo mfugaji mwenye akili huwaondoa ng'ombe kwenye mbuga za nyasi fupi wakati huo, yaani wakati nyasi hizo ni tamu kuliko mwaka mzima, na kuwapandisha vilimani. Nyumbu 260,000 unaweza kuwakwepa. Nyumbu milioni moja na zaidi, unahama. Akapoteza malisho ya masika bila mtu kusimamisha hata nguzo moja ya uzio.

Nikilisema hili watu hudhani nawachukia nyumbu. Hapana. Ninachosema ni kwamba kurudi kwao kulikuwa na gharama, na mtu aliyeilipa hayupo kwenye simulizi. Tunaambiwa maumbile yamejirudisha, kana kwamba hakuna aliyekaa njaa mahali fulani ili yajirudishe.

Ndipo tunafika kwenye mipaka. Loliondo imekuwa neno la kisiasa tangu mapema miaka ya 1990, baada ya kampuni ya OBC ya Falme za Kiarabu kupewa kitalu cha uwindaji huko, na mwandishi Stan Katabalo wa gazeti la Mfanyakazi kulifuatilia suala hilo bila kuchoka. Julai 2009, mwaka wa ukame mkali kaskazini mwa Tanzania, maboma yalichomwa moto katika operesheni ya kuwaondoa wafugaji. Mwaka 2017 ikaja nyingine. Juni 2022 viliwekwa vigingi kutenga kilomita za mraba 1,500 kati ya kama 4,000 za lililokuwa Pori Tengefu la Loliondo. Askari polisi mmoja aliuawa kwa mshale, wananchi wakajeruhiwa, wengine wakavuka mpaka kuingia Kenya. Kabla mwaka haujaisha eneo hilo likawa Pori la Akiba Pololeti. Vijiji vinne, Ololosokwan, Oloirien, Kirtalo na Arash, vilikuwa vimeshafungua kesi katika Mahakama ya Afrika Mashariki tangu 2017. Vilishindwa Septemba 2022, na Novemba 2023 rufaa yao ikasikilizwa kwa upande wao, kesi ikarudishwa isikilizwe upya.

Hoja ya serikali ni ya kusikilizwa, na wanaoipuuza hawawasaidii wafugaji. Serikali inasema zile kilomita 1,500 ni vyanzo vya maji, mazalia na mapito ya wanyama, na kwamba 2,500 zimebaki kwa vijiji. Inasema watu na mifugo wameongezeka. Katika Hifadhi ya Ngorongoro jirani, ambako tangu 2022 watu wamekuwa wakihamishiwa Msomera, wilayani Handeni, takwimu zinazotajwa ni watu kama 8,000 mwaka 1959 na zaidi ya 100,000 sasa. Huwezi kuzidisha watu mara 12 na zaidi halafu ukasema nyasi zitajijua. Nyasi hazijui nani ana haki ya kihistoria. Kwato ni kwato.

Nakubali yote hayo, na bado naona kuna kitu hakijakaa sawa. Sasa naweza kukieleza.

Mzee anayefunga alalili anaifunga na kwa ng'ombe wake mwenyewe. Mvua ikichelewa, naye anachelewa kunywa maziwa. Uamuzi wake unaweza kuwa mbaya, anaweza kukosea, lakini yumo kwenye foleni ile ile. Anayeweka kigingi hayumo. Mshahara wake haupungui kiangazi kikirefuka. Mwindaji anayekuja na kibali kwa msimu hayumo. Mtalii hayumo. Mimi ninayeandika hapa hayamo maisha yangu, na wewe unayesoma, kwa uwezekano mkubwa, hayamo yako. Sote tunataka nyasi zirudi, tena kwa dhati, ila tunataka zirudi kwa kungoja kwa mtu mwingine. Ukimwambia mtu angoje na wewe, mnashirikiana. Ukimwambia angoje badala yako, umemtoza kodi, na kodi ina masharti yake: nani aliipitisha, inalipwa kiasi gani, anayelipa anapata nini.

Hapo ndipo neno jadidifu linapofanya kazi yake chafu kimyakimya. Kwa kuwa kurudi ni tabia ya nyasi, hakuna mlipaji. Kwa kuwa hakuna mlipaji, hakuna deni.

Wapo watakaosema maelezo yangu yanafaa malisho tu. Basi tuchukue kitu kingine cha huko huko. Kwa Watanzania wengi Loliondo si nyasi wala nyumbu, ni kikombe. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, Babu, alikuwa akitoa dawa kijijini Samunge kwa shilingi 500 kikombe, na nchi ilihamia huko. Foleni ya magari ilifika kilomita 26. Zaidi ya watu 50 waliripotiwa kufa wakiwa wanaisubiri zamu yao, na baadhi walikuwa wametolewa hospitali ili wapelekwe. Nina maoni yangu kuhusu dawa ile na siyaweki hapa. Ninachotaka ni mzizi. Dawa ilichemshwa kutokana na mizizi ya mugariga, kichaka cha miiba chenye matunda meusi, ambacho huota sehemu nyingi za nchi hii. Kipi ni jadidifu kuliko kichaka cha miiba? Lakini ukichuma jani, mti unabaki. Ukichimba mzizi, unachimba mti. Waganga wengi wa miti shamba wanalijua hili, ndiyo maana huchimba upande mmoja, hufukia shimo na kusogea kwenye mti mwingine. Kwa wagonjwa watatu wa wiki, utaratibu huo unatosha. Kwa taifa zima lililopanga foleni, hautoshi hata kidogo, na mti haujabadilika tabia.

Tena si mizizi pekee iliyokuwa ikichotwa. Ilisemwa dawa haifanyi kazi mpaka itolewe na Babu mwenyewe, pale pale Samunge. Mwishoni mwa Machi, wakiwa wamejazana watu wapatao 24,000, mzee yule wa miaka zaidi ya 70 aliomba wageni wapya wasije mpaka baada ya tarehe 1 Aprili, msongamano upungue. Aliomba kupumzishwa, kama malisho. Alifariki Julai 2021. Na katika mwaka huo huo wa kikombe, 2011, dunia ilitangaziwa kwamba sotoka imetokomezwa kabisa, ugonjwa wa kwanza wa mifugo kufutwa duniani. Sikumbuki foleni yoyote iliyopangwa kushangilia hilo.

Ile safu ya vinavyokwisha nayo haisimami vizuri ukishuka bonde la ufa hadi Engaresero, ufukweni mwa Ziwa Natron, wilaya hiyo hiyo. Magadi ni madini, yamo kwenye safu ya vinavyokwisha. Lakini magadi ya mabonde haya huletwa na chemchemi za moto zinazotiririka mchana na usiku. Upande wa Kenya, Ziwa Magadi limechotwa kwa zaidi ya miaka 100 na gamba lake limeendelea kujijenga. Flamingo (heroe, kwa wapenda usanifu) ni ndege, yumo kwenye safu ya visivyokwisha. Lakini kwa flamingo mdogo wa Afrika Mashariki, Natron ndiyo sehemu pekee ya uhakika ya kutagia na kulea. Katikati ya miaka ya 2000 Shirika la Maendeleo la Taifa na kampuni ya Tata Chemicals walipanga kiwanda cha kutoa tani 500,000 za magadi kwa mwaka; kelele zikawa nyingi, na mwaka 2008 Tata wakajitoa. Magadi yangeweza kurudi. Ndege asingerudi. Vitabu vyetu vimeviweka kinyume.

Sipendi, hata hivyo, msomaji aondoke akidhani mila ya Wamaasai ndiyo jibu, halafu alale usingizi. Samunge si kijiji cha Wamaasai, ni cha Wasonjo, au Watemi kama wenyewe wanavyojiita, watu wa mifereji na mashamba. Kwao maji ya chemchemi hugawanywa kwa zamu na baraza la wenamiji, na nafasi ndani ya baraza hurithiwa. Asiye na haki ya zamu huomba kwa wenye nayo, na kuomba si bure. Mfumo umedumu vizazi kadhaa na umelisha watu kwenye nchi kavu, lakini kungoja ndani yake hakujagawanywa sawa. Kuna aliyezaliwa mbele kwenye foleni na aliyezaliwa nyuma.

Malishoni ni hivyo hivyo. Alalili ikifunguliwa inafunguliwa kwa wote, lakini mwenye ng'ombe 600 na mjane mwenye watano hawaingii na midomo sawa. Ukame ukipita, yule wa kwanza anabaki na 200 na anaanza upya, yule wa pili anabaki na fimbo. Vijana wao wengi ndio unaowaona Arusha na Dar es Salaam wakilinda mageti usiku na kusuka nywele mchana. Kilomita 1,500 zikitoka, anayeumia kwanza si mwenye 600, maana ana ndugu kila upande na pesa ya kukodi malisho hata ng'ambo ya mpaka. Anayeumia ni yule ambaye olopololi ya karibu na boma ndiyo ilikuwa benki yake yote. Nilitaka kumuuliza yule mzee wa Wasso kuhusu hilo, huyo wa watano anasemewa na nani wazee wakikaa. Lakini gari la Arusha lilikuwa limeshapiga honi, na yeye alikuwa ameshainuka kwenda kuangalia ng'ombe wake.